Mbuzi wa Mshindi Alivyoishia kwa Babu

Afisa utumishi wetu hapa Moshi alikuwa ametazama video za maofisi ya Ulaya: mwezi Oktoba wafanyakazi wanaokota majani ya njano na mekundu, wanasuka mashada, wanacheka, wanapendana. Sisi, akasema, hatupendani. Hilo hakusingizia. Uhasibu na mauzo walikuwa hawasalimiani tangu yale mambo ya masurufu. Basi Jumamosi tukapakiwa kwenye Coaster mpaka Uru, tukagawanywa makundi, na kundi litakalosuka shada zuri kuliko mengine lizawadiwe mbuzi.

Mbuzi! Umoja ukaanza hapo hapo.

Kasheshe ikawa majani. Kule Ulaya siku zikifupika mti huacha kutengeneza ukijani wake, njano iliyokuwa imejificha ikatokeza. Uru siku hazifupiki kiasi cha kuushtua mgomba. Vuli ilikuwa imeshaanza kunyesha na kila kitu kimekolea kijani, migomba, kahawa, mpaka paa la choo. Tulichopata cha njano ni jani moja la mparachichi, nalo lilikuwa linaumwa.

Ndipo mhasibu wetu, mtu wa Lindi, akaona kando ya kihamba kimoja, yaani shamba la ukoo la Wachaga, mstari wa mimea yenye majani marefu, yanang'aa utadhani yamepakwa mafuta. "Haya yamejiotea tu," akasema, akachukua panga la kwenye Coaster. Mimi nilishika kikapu, naomba ieleweke hivyo. Alifyeka mstari mzima kwa bidii ambayo hatujawahi kuiona akiandaa mishahara.

Dereva, Mchaga pekee kundini, alikuwa ameponyoka kwenda kuonja mbege, pombe ya ndizi. Aliporudi akatazama kikapu, akatazama mstari, akakaa chini.

"Mmekata masale."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo mpaka wa shamba. Watu huyapanda hadi makaburini kwa wazee wao. Ombeni mwenyewe awe kasafiri."

Mwenyewe huyo hapo, na fimbo. Nyuma yake mdogo wake, mwenye kihamba cha upande wa pili, anatabasamu tabasamu ambalo sikulipenda.

Dereva akafanya wanachofanya Wachaga mtu akikosa: akachukua jani la sale, akalishika kwa mikono miwili, akapiga goti.

"Shikamoo babu. Tumekuja kuomba radhi."

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?" Akatajiwa ukoo, akaridhika kidogo, akalipokea jani, maana sale halikataliwi kirahisi. Akaligeuzageuza. "Hili si langu hili?"

"Ni lako, babu."

"Mnaniomba radhi kwa jani mliloniibia?"

Tukanyamaza. Madamu afisa utumishi akanong'ona kwamba, basi, tumwongezee na mbuzi. Babu akaiteremsha fimbo.

Tukaamriwa kupanda upya. Bahati nzuri sale ukichomeka tawi lake linashika. Bahati mbaya yule mdogo mtu akadai mstari usogee hatua moja kwa kaka yake. "Thubutu!" Mvua ikashuka. Tukavuta kamba kwenye tope, ncha moja uhasibu, ncha nyingine mauzo, wanaitana kwa majina kwa sauti kubwa, na Madamu katikati na raba zake nyeupe, amegeuka baraza la ardhi.

Tunapanda gari, yule mdogo mtu akanivuta pembeni.

"Mtarudi lini, mwanangu? Kuna mpaka mwingine kule chini, kwa shemeji. Nao una majani mazuri sana."