Mteja akisema "nimesaidika", tathmini imekwisha?

Mwaka 1939, katika miji ya Cambridge na Somerville, jimbo la Massachusetts, Marekani, ulianza mradi ambao kila mwanafunzi wa ustawi wa jamii angepaswa kuujua kabla hajakabidhiwa jalada la kwanza. Mwanzilishi wake, daktari Richard Cabot, ndiye aliyeingiza kazi ya ustawi wa jamii katika hospitali kuu ya Massachusetts, mjini Boston, mwaka 1905. Wavulana walioonekana kuwa hatarini kuangukia kwenye uhalifu walipangwa wawili wawili kwa kufanana umri, familia na mazingira, kisha ikarushwa sarafu: mmoja apate huduma, mwenzake asipate. Waliochaguliwa walitembelewa nyumbani takriban mara mbili kwa mwezi, kwa wastani wa miaka mitano na nusu. Walisaidiwa masomo, wakatibiwa, na baadhi yao wakapelekwa kambini wakati wa kiangazi.

Miaka 30 baadaye mtafiti Joan McCord aliwatafuta wote 506, na matokeo yakachapishwa 1978. Theluthi mbili ya waliohudumiwa na kujibu maswali yake walisema mradi uliwafaa. Kumbukumbu za mahakama, hospitali na vifo zilisema vingine. Hakikupatikana kipimo ambacho waliohudumiwa waliwashinda wenzao, na kwa baadhi ya vipimo walikuwa na hali mbaya zaidi: kurudia makosa, ulevi, maradhi mazito ya akili, kufa mapema. Bila wale wenzao walioachwa, mradi ungeingia vitabuni kama mafanikio, kwa ushahidi wa wahudumiwa wenyewe.

Hapo ndipo penye nguvu ya wanaodai kila huduma ipimwe. Watu hufika ofisini maji yakiwa shingoni. Mzazi huleta shauri la mtoto mtoro katika wiki mbaya kuliko zote, na baada ya wiki mbaya kuliko zote, mara nyingi inayofuata huwa afadhali, afisa awe amefanya kitu au hajafanya. Ukipima siku ya kwanza na siku ya kufunga jalada tu, nafuu hiyo yote utaiandika kwa jina lako.

Tanzania ina mfano mzuri wa ulinganisho. Jaribio la TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, la kuzipa kaya maskini fedha kwa masharti lilihusisha vijiji 80 vya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji 40 vilichaguliwa kwa bahati nasibu vianze kulipwa mwaka 2010, vingine 40 vikawa vya kulinganisha. Katika upimaji wa kati, wanufaika walikwenda kliniki zaidi. Katika upimaji wa mwisho, mwaka 2012, walikwenda pungufu, ilhali watoto wao wadogo waliugua siku pungufu. Aliyepima mara moja tu, tena kwa kuhesabu mahudhurio ya kliniki peke yake, angekosea vibaya.

Lakini wanaosita nao wana hoja, na si za uvivu. Fedha zisipowatosha watu wote, bahati nasibu ni haki kuliko kujuana. Mtoto anayepigwa nyumbani ni suala jingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka hata jirani atoe taarifa. Hakuna namna ya kumweka mtoto huyo kwenye kundi la kusubiri ili hesabu zikae sawa. Sehemu kubwa ya mashauri mazito, basi, haiwezi kupimwa kwa njia ile ya sarafu, na anayeng'ang'ania njia hiyo pekee anaifukuza tathmini mahali inapohitajika sana.

Halafu kuna lugha, ambayo wapenda takwimu huipitia juu juu. Chukua dodoso la sonona lenye maswali tisa, PHQ-9. Jibu moja kati ya manne ni "zaidi ya nusu ya siku hizo", maana yake siku zaidi ya saba katika wiki mbili zilizopita. Msomaji akilidondosha neno "hizo", bibi anayesikiliza anaelewa kwamba huzuni humkaa zaidi ya nusu ya siku, yaani tangu asubuhi mpaka alasiri. Anajibu kwa ukweli kabisa swali ambalo hakuulizwa, na alama inaingia kwenye jumla. Zimbabwe walianzia kwa watu wenyewe: kipimo cha SSQ-14, cha dalili za msongo wa akili, kilitokana na maneno ya Kishona, likiwemo kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Ndicho kilichotumika Harare kupima mradi wa mabenchi ya ushauri, ambako mgonjwa huketi na mshauri, kwa wagonjwa 573 katika kliniki 24, na matokeo yakatoka mwaka 2016. Kazi ya namna hiyo huchukua miaka, na haifanywi na afisa mwenye majalada mezani yanayomsubiri.

Kwa maoni yangu kosa kubwa liko vyuoni. Mara nyingi utafiti hufundishwa kama karatasi ya mwaka wa mwisho: sura tano, dodoso, sampuli ya wakazi wa kata, kichwa kinachoanza na "kuchunguza mchango wa". Mafunzo kwa vitendo yanakwenda njia yake, na daftari la mwanafunzi linajaa idadi ya waliohudumiwa. Wahadhiri wanaoitetea karatasi hiyo wana lao: inafundisha kusoma kazi za wengine na kujenga hoja. Ila haimfundishi mtu kujua kama shauri lililo mkononi mwake linasogea.

Kwa hilo upo utafiti wa mteja mmoja. Tuseme ni utoro. Daftari la mahudhurio la shule limekwisha kuandika wiki zilizopita, kwa hiyo huna haja ya kuchelewesha huduma ili upate kianzio: nakili wiki nne za nyuma, tuseme alihudhuria siku 2, 1, 2, 1 kati ya tano. Anza huduma, andika tarehe, endelea kunakili kila Ijumaa kwa wiki nane, uchore kwenye karatasi ya vyumba. Mambo huharibika mahali panapojulikana. Kianzio cha siku moja hakionyeshi mwelekeo. Likizo ya Juni ikihesabiwa kuwa utoro inaua mchoro. Huduma mbili zikianza wiki moja, sare mpya na kikao cha familia, hutajua ipi ilifanya kazi. Kubadilisha kipimo katikati, kutoka mahudhurio kwenda "maendeleo kwa ujumla", kunafuta yote ya nyuma.

Mchoro huo hauthibitishi chanzo kama ulivyofanya mradi wa Massachusetts. Pengine mtoto alirudi shule kwa sababu shangazi alihamia nyumbani. Ndiyo maana maneno ya mteja yanabaki ya lazima, pembeni ya namba: yeye ndiye atakayemtaja shangazi. Fomu ya shauri ingeongezwa safu mbili tu, hali kabla ya huduma na kumbukumbu ilikotoka, zijazwe kabla afisa hajaandika hatua aliyochukua.