Kabla ya Kununua Shokapu, Sema Gari Inatetemeka Lini

Mjini Unguja gari ikianza kutetemeka tu, hukumu imeshatoka: shokapu, zile bomba zinazozuia gari isidundedunde. Zinanunuliwa, zinafungwa, na gari haijafika Bububu mtetemo umesharudi vile vile. Mafundi wanalaumiwa sana kwa hili, lakini mimi naona tatizo linaanzia kwetu wenye magari. Tunamwambia fundi "gari inatikisika", basi. Afanye nini maskini zaidi ya kubahatisha kwa pesa zetu?

Anachohitaji kujua ni lini. Usukani ukianza kucheza unapokaribia kilomita 80 au 100 kwa saa, ukapunguza mwendo ukatulia, anza na matairi na rimu. Ukicheza pale unapokanyaga breki tu, tazama diski. Mtetemo unaokuja ukikanyaga mafuta na kuondoka ukiachia, mara nyingi ni jointi ya ndani ya draivu shafti, ile fimbo inayopeleka nguvu kwenye tairi. Na ile gari inayotetemeka imesimama kwenye foleni ya Darajani, gia iko kwenye D, kwa nini uifungue miguu, yaani shokapu na vyuma vinavyoshika matairi? Tazama mauntini za injini, yale makalio ya mpira inayokalia.

Kwenye rimu nitakaa kidogo, maana sisi ni watu wa visiwani na chumvi haitusamehi. Fungua tairi la gari inayolala Nungwi au Mkoani, utaona kutu imejijenga kwenye habu, kile kitovu cha chuma, pale pale rimu inapokaa. Ikiwa nene kidogo tu, rimu haikai sawa na tairi linazunguka kwa kupepesuka. Utabalansi mpaka uchoke, kwa sababu mashine ya balansi inalipima tairi likiwa nje ya gari na kutu imebaki kwenye gari. Dawa yake ni brashi ya waya na dakika chache za jasho. Kuna na matope ya njia za mashamba: yakikauka upande wa ndani wa rimu, nayo yanavuruga balansi. Yaoshe kabla hujatoa hata shilingi.

Soma na ubavu wa tairi. Mwisho wa mstari unaoanza na DOT kuna tarakimu nne. 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri na mpira wake umeshakauka.

Sisemi shokapu hazifi. Zinakufa, na dalili zake zinaonekana: mafuta yanavuja, gari inaendelea kudunda baada ya tuta, tairi linalika kwa mabondemabonde. Hayo mabonde khasa ndiyo yanayotetemesha, na hayaondoki kwa kufunga shokapu mpya. Ndiyo maana mtu anabadilisha kitu kibovu kweli, halafu anaapa kauziwa feki.

Gari ikigonga kwenye vishimo vidogo, anza na stabilaiza linki, vile vifimbo vinavyoshika chuma cha kuzuia gari isilale upande, ambavyo si ghali. Kisha nyanyua tairi, ulishike juu na chini ulitikise. Likicheza, shuku beringi ya tairi au boljointi, ile jointi ya mviringo inayoshika mguu. Ukilishika kushoto na kulia likacheza zaidi, shuku tairodi, ile fimbo ya usukani. Jeki peke yake usiiamini hata siku moja ukaingia chini ya gari.

Nina ugomvi na bushi za mtumba, yale mapira kwenye maungio ya miguu. Magari yetu mengi yanakuja kutoka Japani yakiwa yameshatumika, na mpira unazeeka hata ukikaa stoo. Kutoa bushi kuukuu ukafunga kuukuu nyengine ni kulipa ufundi mara mbili. Hata mpya inaweza kuuliwa siku ya kufungwa: fundi akiikaza moja kwa moja mguu wa gari ukiwa unaning'inia, gari ikishuka mpira unajipinda, na utachanika mapema. Mwambie aifunge kwa kulegea, aishushe gari mpaka ikae kwa uzito wake, ndipo akaze. Wapo watakaonuna. Alaimenti, yaani kunyoosha matairi, ifanye baada ya hapo, usiitangulize.