Cheti kipo, ramani haipo

Jamani, hii kuhamisha tovuti ya duka kutoka http kwenda HTTPS, ile njia yenye ulinzi! Cheti cha usalama kimekubali, kila anwani ya zamani inaelekezwa vizuri kwenye mpya, halafu ramani ya duka inageuka boksi jeupe. Kisa? Fundi aliyetangulia aliandika http:// kwenye skripti, ule msimbo unaoleta ramani, na kivinjari kimeizuia kimyakimya kwa kuwa haina ulinzi. Onyo limejificha kwenye konsoli, dirisha la mafundi ndani ya kivinjari, ambako mteja hafiki ng'o.

WordPress, mfumo unaoendesha tovuti, ndiyo balaa lenyewe: anwani nzimanzima za http:// zimezagaa ndani ya hifadhidata. Na ole wako ubadilishe kwa SQL, lugha ya kuamrisha hifadhidata, kavukavu! Mipangilio ya wijeti, vile vipande vidogo vya ukurasa, huhifadhiwa pamoja na idadi ya herufi zake. Ukiongeza hiyo “s” moja tu ya https, hesabu haitimii, wijeti zinayeyuka.

Bosi naye yuko WhatsApp: “Bado tu? Si ni herufi moja?”