Mwanagenzi Mwenye Uzoefu wa Miaka Miwili

Wiki iliyopita nilitumiwa tangazo la kampuni moja ya Nairobi inayotafuta wanagenzi. Masharti yake ni shahada, uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili, na kipakatalishi chako mwenyewe. Malipo hayapo, ila mwombaji anaahidiwa fursa ya kujifunza. Mwanagenzi, kwa Kiswahili tunachokijua sote, ni mtu anayeianza kazi, ambaye mkono wake haujaizoea. Ndiyo maana mwanasiasa akitaka kujisifu husema kwamba yeye si mwanagenzi katika siasa. Kumdai mtu huyo uzoefu wa miaka miwili ni kama kumtaka bwana harusi aje na wajukuu.

Ningecheka nikapita, lau neno hili lisingekuwa limekwisha kutumiwa kuwapunja watu mchana kweupe. Mwaka 2017 madaktari na serikali ya Kenya walitia saini makubaliano yaliyompa daktari mwanagenzi shilingi 206,400 kwa mwezi. Ilipofika 2024, serikali ikasema itamlipa 70,000, na mgomo ulioanza katikati ya Machi ukadumu siku 56. Katika mabishano yale wengi walishikilia kwamba hawa bado wanajifunza, kwa hiyo posho inawatosha. Wanajifunza, ni kweli, maana bila mwaka ule wa hospitalini hawapati leseni kamili. Lakini mtu huyu amesomea udaktari miaka sita, na usiku wa manane, mama mjamzito anapofikishwa hospitali ya kaunti akivuja damu, mara nyingi mkono wa kwanza kumgusa ni wake. Mama huyo haambiwi asubiri hadi mwanagenzi akomae! Jirani zetu wa Tanzania humwita daktari wa namna hii mtarajali, na ndani ya jina hilo nalisikia neno taraji. Nalipenda zaidi, ingawa sidhani kwamba linaongeza senti mfukoni.

Waajiri wetu hupenda zaidi kutamka intern, tena kwa mbwembwe. Neno hilo Waingereza na Wamarekani walilipata Ufaransa, ambako interne alikuwa daktari kijana aliyeishi ndani ya hospitali. Utaratibu huo uliwekwa rasmi Paris mwaka 1802. Aliitwa wa ndani kwa sababu alilala humo. Sisi tumelichukua jina tukakiacha kitanda: mwanagenzi wa leo hupanda matatu kutoka Githurai kwa nauli ya mamake, akanunua chakula cha mchana kwa deni, halafu jioni akaambiwa ashukuru.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kumfunza mtu kuna gharama. Fundi wa Kamukunji anayempokea kijana asiyejua kushika nyundo ataharibiwa mabati kadhaa kabla sanduku la kwanza halijanyooka, na simlaumu akidai ada. Lakini fundi huyo hufunza kweli: husimama karibu, hugombeza, humnyang'anya kijana nyundo akamwonyesha, kisha akamrudishia. Fundi, funza, mwanafunzi na mkufunzi ni maneno ya shina moja, na pale Kamukunji bado yanakaa pamoja. Katika ofisi ninazozijua, mwanagenzi hukabidhiwa meza ya mtu aliyeacha kazi mwezi uliopita, pamoja na nywila zake, na mafunzo yameishia hapo.

Wanaosema kwamba sheria iko kimya hawajaisoma. Sheria ya Ajira ya 2007, inapoeleza mwajiriwa ni nani, inamjumuisha mwanagenzi humo humo, na Sheria ya Mafunzo ya Viwanda inamtambua kama mtu mwenye mkataba wa maandishi unaomfunga mwajiri naye kumfunza. Kwa hiyo anayetaka mwanagenzi aandike mkataba, amtaje atakayemfunza na kazi atakayofunzwa, kisha alipe. Asiye na wa kumfunza wala la kumfunza anatafuta mfanyakazi, na amtafute kwa jina hilo na kwa mshahara wake.