Kwenda Japani kujifunza Kijapani: zile saa 28 tunazisema vibaya

Kila mtu akiuliza siku hizi kama aende Japani kusoma lugha, jibu analopewa ni lilelile: usipoteze hela, kaa nyumbani, una simu, una anime (katuni za Kijapani), una mwalimu wa mtandaoni unamlipa kwa saa, afu wale waliokwenda mwisho wao ni kuosha vyombo usiku na kusinzia darasani mchana. Hoja ina ukweli wake na nitaupa haki yake. Ila hilo neno kuosha vyombo linaniuma, maana nimeosha vyombo Takadanobaba, mtaa wa Tokyo, zaidi ya mwaka mzima na najua nilichokipata pale kwenye sinki.

Wanaosema kaa nyumbani hawajakosea kwenye hela. Ada ya shule ya lugha ni kama yen 700,000 hadi 900,000 kwa mwaka, bado tiketi, bado chumba, na kuna familia zinauza kiwanja kwa ajili hiyo. Ni kweli mwaka 2024 yen ilishuka mpaka dola moja ikapita yen 160, kwaiyo anayelipiwa kutoka nje aliona nafuu, lakini anayetegemea kibarua cha hukohuko ili alipe deni la nyumbani aliumia. Afu kuna wanaojifunzia nyumbani wakafika mbali kweli, wanasoma vitabu, wanafanya JLPT, mtihani wa kupima Kijapani (hata Nairobi unafanyika), na wanapanda daraja kuanzia la chini kabisa, N5, N4, N3.

Kingine cha kweli ni kwamba kukaa Japani peke yake hakukufundishi kitu. Kuna mtu anapata baito, ndo wanavyoita kibarua cha muda cha wanafunzi, kwenye kiwanda cha bento, chakula cha kwenye boksi, zamu ya usiku, anasimama kwenye mkanda anaweka kipande cha samaki kwenye boksi, boksi linalofuata, samaki, boksi, mashine zinanguruma na hamna wa kuongea naye, asubuhi anaingia darasani macho mekundu. Nyumbani anaishi na watu wa kwao, anapika chakula cha kwao. Mwaka unaisha. Nimekaa nao dawati moja hao na sio wavivu hata kidogo.

Sasa njooni kwenye hesabu, na hapa mnivumilie kidogo maana sioni watu wakiipiga. Kozi ya kawaida ya shule za lugha ni vipindi 20 kwa wiki, vipindi 760 kwa mwaka, na kipindi kinaanzia dakika 45. Ukikipiga kwa dakika 45, ni saa 15 kwa wiki, saa 570 kwa mwaka, na shule hizi mwisho wake ni miaka miwili, kwaiyo ukimaliza yote una saa 1,140 za darasani. Wamarekani wanaowafundisha wanadiplomasia wao lugha wanahesabu saa 2,200 darasani kwa Kijapani, wakati Kiswahili chetu wanakipa chini ya nusu ya hizo. Yaani miaka miwili bila kukosa siku hata moja na bado uko katikati ya safari. Hizo zilizobaki unazitoa wapi?

Afu angalia sheria yenyewe ya viza. Mwanafunzi akipewa kibali anaruhusiwa kufanya kazi saa 28 kwa wiki, na likizo ndefu hata saa 8 kwa siku. Saa 28 kazini, saa 15 darasani. Karibu mara mbili! Watu wanaitazama hiyo 28 wanaona hela, na hela ipo kweli, Tokyo kima cha chini tangu Oktoba 2024 kilikuwa yen 1,163 kwa saa. Mimi naona kwamba shule kubwa kuliko ile unayoilipia ada ni mahali unapofanya kazi, halafu tunampeleka mtoto Japani tumehangaika kuchagua shule miezi sita, ila kazi achukue yoyote itakayotokea. Hapo ndo tunapokosea, na lawama yote tunaitupia safari.

Jiko nililofanyia mimi lilikuwa jembamba kama korido, kwaiyo kila anayepita nyuma ya mwenzake lazima atamke "ushiro toorimasu", napita nyuma. Wiki ya kwanza nilikuwa nafungua tu mdomo. Wiki ya tatu inatoka yenyewe, na mama wa makamo aliyekuwa anakaanga akaanza kunijibu "hai" bila kugeuka. Kwenye kuhesabu ndo usiseme, chupa moja, mbili, tatu ni ippon, nihon, sanbon, sahani moja, mbili ni ichimai, nimai, na darasani tulikuwa tunaimba kama jedwali la kuzidisha halafu linapotea. Jikoni mtu anakuomba sahani tatu, ukileta chupa tatu umerudi kuleta tena na mafuta yanaungua, hilo husahau. Sisi tumekua na ngeli, kichwa kimeshazoea kwamba namba inabadilika kufuata kitu, ila bila kubanwa hakikumbuki.

Na utamaduni ni hivyohivyo. Shule itakupeleka siku moja kwenye sherehe ya chai, utakaa magoti yafe ganzi, utapiga picha, sawa. Lakini zamu ikiisha anayeondoka kwanza hasepi kimyakimya, anasema "osaki ni shitsurei shimasu", samahani natangulia, na waliobaki wanamjibu "otsukaresama". Mwalimu alihangaika kweli kutueleza hilo neno, akachora mpaka mtu amechoka ubaoni. Nilipolisikia pale mlangoni saa tano usiku nilielewa palepale, hiyo ni pole na kazi! Sawa na mtoto aliyekua akiamkia shikamoo, hashangai kwamba Kijapani kina kitenzi cha kumwambia mteja na kingine cha kumwambia mwenzio. Kwa anime peke yake unaweza ukajua maneno yote haya, ila hujawahi kulazimika kuchagua la kumwambia mtu aliye mbele yako anayesubiri. Na JLPT haiwezi kukuonyesha hilo pengo, haina sehemu ya kuongea wala ya kuandika insha.

Kwaiyo anayetaka kwenda mimi namwambia aende, ila asiende mtupu. Uhamiaji wenyewe kwa kawaida wanataka ushahidi kwamba umeshasoma kama saa 150 au una N5, wewe vuka hapo, maana bila herufi zao, hiragana, katakana na kanji za kutosha kusoma menyu hakuna atakayekuweka sehemu ya kuongea, utaishia kwenye mkanda wa bento. Na ukifika, kazi ya yen pungufu kwenye mgahawa mdogo wa mtaani ichukue kabla ya ile ya usiku inayolipa zaidi, hata kama nyumbani wanasubiri hela, waelezeni kabla ya kuondoka.

Mwanzoni nikisema hata maneno mawili tu watu wananiambia "nihongo jouzu", Kijapani chako kizuri, na nilikuwa nafurahi. Mwezi wa nane, Ijumaa moja, msichana wa mbele hakuja, meneja akaniambia vua aproni ya mpira nenda kachukue oda. Wazee wanne, bia nne, edamame (soya changa za kuchemsha), mishikaki ya kuku kumi, miwili wamebadilisha mawazo katikati. Nikairudia oda yote. Wakaitikia kwa kichwa, wakarudi kwenye stori zao, na hamna hata mmoja aliyenisifia Kijapani changu.