Pedi za hosteli: tuanzie chooni, tusianzie kwa msichana

Kila Mei 28 inapokaribia, Siku ya Hedhi Salama Duniani, vyuo vyetu hujaa mabango na semina. Miaka ya karibuni ujumbe umeongezewa kipengele: msichana msomi aachane na pedi za kutupa, ahamie kikombe cha hedhi, yaani kikombe kidogo laini kinachoingizwa ukeni kukinga damu, au taulo za kufua, kwa sababu pedi ni plastiki. Anayeendelea kununua pakiti yake dukani anaonekana hajali mazingira, au elimu haijamfikia. Mimi naona msichana huyu anaonewa. Lengo la kampeni hizi naliunga mkono kwa moyo wote, ila zimeanza kazi upande usiofaa.

Hoja ya wanamazingira ina uzito na haifai kupuuzwa. Pedi ya kisasa ina kitambaa cha juu cha plastiki, tabaka la chini la plastiki linalozuia kuvuja, gundi, na chembe zinazogeuka ute zikinywa unyevu. Kwa Dar es Salaam safari ya taka hizi huishia dampo la Pugu Kinyamwezi, ambako wapo watu wanaochambua taka kwa mikono kutafuta riziki. Zisipofika dampo huchomwa shimoni nyuma ya hosteli, na hapo tatizo hukua: ule ute umeshika maji, kwa hiyo pedi haiwaki, inafuka. Plastiki ikiungua kwa moto hafifu hutoa moshi wenye sumu, na madirisha ya vyumba hayako mbali. Zikisukumwa chooni, bomba huziba na ghorofa nzima inakosa choo.

Mbadala nao upo na umepimwa. Mwaka 2019 jarida la Lancet Public Health lilichapisha mapitio ya tafiti 43 zilizohusisha watu wapatao 3,300: kikombe cha hedhi hakikuvuja zaidi ya pedi, na takriban asilimia 70 ya waliokijaribu walitaka kuendelea nacho. Kabla ya hapo, utafiti uliofanyika Siaya, magharibi mwa Kenya, na kuchapishwa 2016 uliwapa wasichana wa shule vikombe, na haukuona madhara ya kutisha. Kikombe kimoja hudumu hadi miaka 10. Kwa hesabu ya taka peke yake, mjadala umekwisha.

Lakini takwimu inayobeba kampeni nyingi ni nyingine: kwamba pedi moja ina plastiki sawa na mifuko minne ya dukani. Katika nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 1, 2019, sentensi hiyo inamfanya msichana ajione mkosaji wa sheria kila mwezi. Basi tuipime. Mfuko mwembamba wa rambo tuliouzoea ulikuwa na uzito wa kama gramu 5. Minne ni gramu 20. Pedi ya kawaida, ikiwa kavu na bila kifungashio, haizidi sana gramu 10, nyingi ziko chini ya hapo, na zile nene za bei nafuu sehemu kubwa ya uzito wake ni nyuzi za mti. Pedi haiwezi kuwa na plastiki nzito kuliko pedi yenyewe. Hesabu hiyo inakaribia ukweli ukiitumia kwa pakiti nzima ya pedi 8, na nadhani ndiko ilikotoka kabla ya kupotoshwa ikipita mdomo kwa mdomo.

Nimekaa kwenye hesabu hii kwa sababu inaficha jambo kubwa zaidi. Chukua hosteli ya wasichana 1,000. Tuseme kila mmoja anatumia pedi 4 kwa siku kwa siku 5, miezi 8 ya masomo: ni pedi 160,000 kwa mwaka. Kwa gramu 8 kila moja, ni kilo 1,280. Sasa ongeza kitu ambacho mabango hayakitaji. Msichana asiyekuta ndoo yenye mfuniko ndani ya choo hufunga pedi kwenye kifungashio cha plastiki, kisha anakitia ndani ya kingine ili kisionekane, halafu anapita nacho koridoni mpaka kwenye pipa la wote. Vifungashio viwili vya gramu 2 kila kimoja ni gramu 4, nusu ya uzito wa pedi. Kwa hosteli hiyohiyo ni kilo 640 za plastiki kwa mwaka, ambayo haimkingi mtu na chochote. Kazi yake ni kuficha tu. Kuipunguza hakuhitaji msichana hata mmoja abadili anachovaa.

Turudi kwa huyu anayeambiwa ahame. Kikombe kinataka kuchemshwa kila mzunguko. Hosteli nyingi zinakataza jiko na hita vyumbani, na ukikamatwa nacho kinachukuliwa. Achemshie wapi? Katika sufuria ambayo wenzake watatu wanapikia wali kwa siri? Kinataka pia kumwagwa na kusuuzwa, lakini vyoo vingi bomba liko nje, kwenye sinki la wote, mbele ya foleni ya watu wanaopiga mswaki. Na maji yenyewe? Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua, Dar es Salaam iliingia kwenye mgao, na anayeijua hosteli wakati wa mgao anajua ndoo moja ya maji inavyogawanywa. Kwenye chumba cha wanne ambacho kwa sababu ya kubebana wanalala sita, ndoo hiyo haifiki jioni.

Taulo za kufua zina mtihani wake. Sharti zikauke vizuri, ikiwezekana juani. Kamba za kuanikia ziko uwanjani, kila apitaye anaziona, kwa hiyo zinaanikwa chini ya khanga au nyuma ya kitanda, na wakati wa masika hazikauki hata siku mbili. Kuvaa kitambaa chenye unyevu hakumfai mwanamke yeyote. Wapo pia wasichana ambao kwao kuingiza kitu mwilini kabla ya ndoa ni jambo la dini na la heshima ya familia. Kuwaita washamba hakutawabadilisha, na mwili ni wao.

Pesa nayo ina neno lake. Anayeishi kwa bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa mwanafunzi, anapata shilingi 10,000 kwa siku, chakula na malazi humo humo. Pakiti ya pedi ya shilingi 2,500 ni robo ya siku. Inauma, lakini inalipika leo. Kikombe ni bei ya pakiti nyingi kwa mkupuo mmoja, kwa kitu ambacho huenda kikamchukua miezi kadhaa kukizoea. Na ahadi za unafuu zimewahi kumpita: kodi ya VAT kwenye taulo za kike iliondolewa katika bajeti ya 2018/19, ikarudishwa mwaka uliofuata Serikali ikisema bei kwa mlaji haikushuka.

Kwa hiyo chuo chenye nia ya kupunguza plastiki hii kianze na ndoo yenye mfuniko ndani ya kila choo cha wanawake, itolewe kila siku. Kando yake liwekwe boksi la karatasi za kufungia. Kila chuo kina steshenari zinazotupa makaratasi yaliyoharibika, yanatosha kabisa. Mfuko mmoja wa kutandika ndoo uchukue nafasi ya vifungashio mia. Kanuni za 2019 zenyewe ziliacha nje ya katazo plastiki zinazotumika kwa usafi na udhibiti wa taka, kwa hiyo hakuna kikwazo cha kisheria. Wafanyakazi wa usafi wapewe glavu nzito, na mzigo uende kwenye kichomea taka cha hospitali chenye joto la nyuzi 850 au zaidi. Shimo la nyuma ya bweni lifukiwe. Makerere walikwenda mbali zaidi: Moses Musaazi na wenzake walitengeneza Makapads, pedi za mafunjo na karatasi chakavu, na zikatumika hadi kwenye kambi za wakimbizi. Vyuo vyetu vina idara za uhandisi na mkonge uko tele Tanga.

Vikombe vigawiwe pia, kwa anayetaka, pamoja na mahali pa kuchemshia palipo halali na bomba ndani ya choo. Hilo la bomba lina muda wake. Kupitia mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa 2021, vyuo vya umma vimekuwa vikijenga majengo mapya. Bomba dogo na sinki la kiganja ndani ya kila choo cha kike ni gharama ndogo likiwa bado kwenye ramani. Vigae vikishabandikwa, ni kuvunja ukuta. Serikali za wanafunzi zinazokaa kwenye vikao vya ujenzi ziombe kuiona ramani ya vyoo kabla haijasainiwa.