Joksimović: wimbo mmoja chini ya bendera nne?

Tuhuma dhidi ya Željko Joksimović, mwimbaji na mtunzi wa Serbia, inatosha sentensi moja: ametunga wimbo mmoja tu, kisha akaupeleka Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, mara tano. Mara mbili aliuimba mwenyewe, mara tatu akawapa wengine.

Tuhuma hiyo ina msingi. "Lane moje" ya mwaka 2004 inaanza kinyonge. Ala zinalia peke yake kwa muda mrefu kabla mwimbaji hajafungua mdomo, sauti inaingia kama ya mtu anayejisemea, halafu ngoma zinaamka na wimbo unafumuka. Sikiliza "Lejla" ya 2006, "Oro" ya 2008, "Nije ljubav stvar" ya 2012 na "Adio" ya 2015, utakuta njia ni ile ile: huzuni, subira, mlipuko. Ukiziweka mfululizo usiku mmoja, unaweza kubashiri ngoma itaingia wapi.

Wengine wanakwenda mbali zaidi. Wanasema hata mafanikio yake si yake, kwamba Wabalkani, watu wa kusini-mashariki mwa Ulaya, hupeana kura kama majirani wanavyoazimana chumvi. Hapa ndipo ninapotofautiana nao, na nadhani tupige hesabu badala ya kubishana. Mwaka 2004, jijini Istanbul, Joksimović, akiiwakilisha Serbia na Montenegro, wakati huo nchi moja, alipata alama 263 katika fainali na kushika nafasi ya pili. Nchi moja haiwezi kumpa mshiriki zaidi ya alama 12. Majirani zake wa Yugoslavia ya zamani waliopiga kura mwaka ule walikuwa wanne: Slovenia, Kroatia, Bosnia na Makedonia. Tuseme wote walimpa 12, upendeleo mtupu. Hiyo ni 48. Tuongeze nchi zenye wahamiaji wengi kutoka Balkani, yaani Austria, Uswisi, Ujerumani na Uswidi, nazo tuzihesabie 12 kila moja, bila kuuliza kama kweli zilitoa kiasi hicho. Jumla inafika 96. Mpokonye zote. Anabaki na 167, na kwa matokeo ya mwaka ule alama hizo zingemweka katika nafasi ya sita, mbele ya Albania iliyoshika ya saba kwa alama 106. Nani basi alimpa 167 hizo? Watu wasiojua hata neno moja la Kiserbia.

Na kuna jambo kuhusu hiyo 263 ambalo sichoki kulitafakari. Katika nusu fainali ya mwaka ule, ya kwanza katika historia ya shindano hilo, alipata pia 263, tena akaongoza. Ruslana wa Ukraine alikuwa nyuma yake kwa 256. Siku chache baadaye Joksimović akapata idadi ile ile, haikuongezeka wala kupungua hata moja, na safari hii Ruslana akampita kwa 280. Kama zilikuwa kura za ujamaa tu, basi ndugu hao walimsindikiza hadi mlangoni wakamwacha hapo.

Turudi kwenye tuhuma ya kujirudia, maana ndiyo nzito. Sheria ya Eurovision inaupa wimbo dakika tatu, basi. Tangu mwaka 1999 mshiriki yuko huru kuimba kwa lugha yoyote, na wengi walikimbilia Kiingereza. Joksimović akabaki na lugha ya kwao. Sasa mtunzi ambaye msikilizaji wake hataelewa neno lolote hubeba kisa chote kwa muziki: kimya kiseme, fidla iulize, ngoma ijibu. Mwanamume huyu wa Valjevo, aliyekulia kwenye akodiani na kusomea muziki Belgrade, alijua hilo kwa vidole. Aliyezoea taarab ya Unguja, ambamo akodiani na fidla zimekaa jukwaa moja miaka nenda rudi, hahitaji kuelezwa jinsi ala inavyoweza kulia kabla ya mwimbaji. Na taarab nayo hujirudia. Hatuiiti uvivu.

Hoja kali zaidi ya wakosoaji ni "Molitva". Mwaka 2007 Marija Šerifović aliishindia Serbia taji mjini Helsinki kwa wimbo usio na vionjo vya asili vya nyimbo za Joksimović, sauti kavu na piano. Kumbe, wanasema, filimbi na fidla zile zilikuwa mapambo ya kuwauzia watalii, na nchi ilishinda ilipoyavua. Naikubali nusu ya hoja. Nusu nyingine inasahau kwamba "Molitva" iliimbwa kwa Kiserbia, na kwamba miaka mitatu kabla yake mtu alikuwa amekwisha kuithibitishia Belgrade kwamba Kiserbia kinasikilizwa.

Kisha kuna usiku wa tarehe 20 Mei 2006. Wimbo wa Serbia na Montenegro haukuwepo kwenye fainali ya Eurovision mjini Athens: mchujo wa nyumbani uliishia kwenye ugomvi kati ya Waserbia na Wamontenegro, nchi ikajitoa. Siku iliyofuata, tarehe 21, Wamontenegro walipiga kura ya kujitenga. Katikati ya hayo, Hari Varešanović wa Sarajevo alisimama jukwaani kwa niaba ya Bosnia akaimba "Lejla", muziki wa Mserbia. Vita vya Bosnia vilikuwa vimekwisha miaka 11 tu nyuma. Wimbo ukashika nafasi ya tatu kwa alama 229, na hadi leo Bosnia haijafika juu ya hapo. Sisemi nyimbo huponya vita. Ila anayeuita huu wimbo ule ule uliobadilishiwa bendera aeleze kwa nini Bosnia ilikubali kuubeba.

Njia aliyoizoea hatimaye ilichakaa, hilo halina ubishi. Alipoimba mwenyewe Baku mwaka 2012 bado alishika nafasi ya tatu, kwa alama 214. Lakini "Adio", aliyomtungia Knez wa Montenegro mwaka 2015, iliishia ya 13 kwa alama 44. Masikio yalishaijua njia, na safari hii hakuna aliyesimama kuisikiliza upya. Hapo wakosoaji walikuwa sahihi, ingawa walichelewa miaka 11.

Miaka saba baadaye, mwaka 2022, Konstrakta aliiwakilisha Serbia mjini Turin akiwa ameketi mbele ya bakuli la maji, ananawa mikono huku akiimba kuhusu afya na wasanii wasio na bima. Hakuna filimbi, hakuna fidla, hakuna mlipuko. Alama 312, nafasi ya tano. Ukiacha maneno machache ya Kilatini, aliimba Kiserbia.